Magurudumu Mepesi kwenye Pikipiki za Butembo na Beni

Kila sehemu ya pikipiki hudai nguvu ya injini mara moja. Gurudumu hudai mara mbili, kwa kuwa linasonga mbele na wakati uleule linajizungusha. Tangi la mafuta, kiti, fremu, motari anayeiendesha na abiria wake husafirishwa tu. Janti, spoki, tyubu na tairi husafirishwa na pia kuzungushwa, na kila pikipiki inapoondoka kituoni injini hugharamia kazi zote mbili. Juu ya msingi huo umejengwa ushauri unaosikika katika gereji nyingi, kwamba pikipiki ikivishwa magurudumu mepesi hupata mbio, hupanda mlima bila kulalamika, hunywa mafuta kidogo na hutii usukani. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Kinachohitaji kupimwa ni kiasi cha ukweli kinachobaki pikipiki inapokuwa Boxer ya Bajaj au HLX ya TVS ya kazi, imepakia abiria wawili na gunia, inapanda udongo mwekundu wa Butembo, huko Kivu, baada ya mvua.

Gurudumu linapobiringika bila kuteleza, uso wa tairi huzunguka kwa kasi ileile ambayo pikipiki inakwenda nayo. Hakuna sehemu ya gurudumu inayozunguka kwa kasi kuliko hiyo. Kwa hiyo nishati ya mzunguko ya kilo moja ya mpira iliyo ukingoni kabisa hulingana na nishati ya mwendo wa mbele ya kilo hiyohiyo. Zikijumlishwa, kilo moja inahesabika kama mbili, basi. Madai kwamba kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo tano au kumi za mwili wa pikipiki hayana pa kusimama, hata yakitoka kwa fundi anayeijua kazi yake vizuri. Mbili ndiyo kikomo.

Ndani ya kikomo hicho, kinachoamua ni mahali uzito ulipo. Tairi ya 3.00-17, ambayo ni ya kawaida nyuma ya pikipiki za kazi, ina nusu kipenyo cha takriban sentimita 29 kutoka ekseli hadi ardhini. Mpira wenyewe wa kukanyagia uko karibu kabisa na ukingo huo, hivyo kilo moja ya tairi huhesabika kama kilo 1.9. Janti iko ndani zaidi, kwenye sentimita 22 hivi; kilo yake moja huhesabika kama kilo 1.6. Habu, pamoja na ngoma ya breki na beringi zake, iko karibu na ekseli kiasi kwamba kilo yake moja haifiki hata kilo 1.1. Wauzaji husifu sana wepesi wa habu iliyochongwa vizuri na kung'arishwa. Kwa upande wa mzunguko, sifa hiyo haina thamani: gramu 300 zilizopunguzwa kwenye tairi zina nguvu kuliko gramu 500 zilizopunguzwa kwenye habu.

Tofauti hii inaweza kuonekana kwa macho kwenye mteremko wowote wa Butembo. Magurudumu mawili yenye kipenyo kimoja yakiachiliwa kwa pamoja kutoka juu, moja zito na jingine jepesi lakini yote yamegawanya uzito wake kwa namna ileile, hufika chini pamoja. Kama moja lina uzito mwingi katikati na jingine lina uzito mwingi ukingoni, lile la katikati hutangulia. Jaribio hilo halisemi lolote kuhusu uzito. Linasema uzito umekaa wapi.

Sasa hesabu ya barabarani. Pikipiki za kazi za aina ya Boxer na HLX huwa na uzito wa kilo 110 hadi 125, injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, na nguvu za farasi kati ya 8 na 12. Ichukuliwe pikipiki ya kilo 120, motari wa kilo 65 na abiria wawili wenye kilo 130 kwa jumla: mzigo wote ni kilo 315. Mwenye pikipiki anabadilisha janti zote mbili na kupunguza kilo 2, ambazo ni nyingi kwa magurudumu membamba ya inchi 17. Kwa hesabu ya juu, kilo hizo 2 zinahesabika kama kilo 3.2 wakati wa kuongeza mwendo. Hiyo ni asilimia moja ya mzigo wote. Kama pikipiki ilikuwa inachukua sekunde 10 kufikia kilomita 40 kwa saa, sasa itachukua sekunde 9.9. Motari akiwa peke yake kwenye kiti faida inapanda hadi asilimia 1.7, nayo bado ni ndogo kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuhisi kwenye kaba. Abiria mmoja akishuka, pikipiki inapungua kilo 65 kwa mpigo.

Chukudu, kile kigari cha mbao cha Kivu kinachoshuka milimani kikiwa na viazi au makaa, ni ushahidi wa zamani wa jambo hilohilo. Magurudumu yake ni ya mbao nzito, yamezungushiwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu, na waundaji wake hawajapata sababu ya kuyapunguza unene. Chombo kinachobeba mamia ya kilo hakitambui kilo moja iliyopungua kwenye gurudumu, bali hutambua upesi gurudumu lililopasuka.

Kwenye mlima hali ni kali zaidi kwa magurudumu mepesi, kwa sababu pikipiki inayopanda kwa mwendo usiobadilika haiongezi mzunguko wa magurudumu yake. Ile hesabu ya mara mbili inafutika. Kilo ya janti inarudi kuwa kilo moja tu, sawa na kilo ya mchele iliyofungwa nyuma. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, imetawanyika juu ya vilima, na katika komuni zake nne za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba barabara nyingi ni za udongo. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, pikipiki yenye kilo 315 inavutwa nyuma na uzito wake kwa nguvu ya nyutoni 309 hivi. Kupunguza kilo 2 kunaondoa nyutoni 2. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kupanda huko kunadai nguvu za farasi 2.3, na udongo laini unadai karibu nguvu nyingine moja kwa ajili ya kukanyagia tu. Kiasi hicho cha mwisho hubadilika sana kulingana na upepo uliomo kwenye tairi na hali ya barabara. Tairi iliyopungukiwa upepo kwenye sehemu ngumu ya barabara inakula nguvu kuliko janti yoyote nzito.

Kuna jambo jingine linaloiba nguvu huko juu ambalo halihusiani kabisa na gurudumu. Kwenye mwinuko wa Butembo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ile ya usawa wa bahari. Huko Beni, ambako ni chini kwa mita mia kadhaa, pungufu ni karibu asilimia 11. Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Tena kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini hutoa petroli nyingi kupita kiasi kwa hewa hiyo kidogo; plagi hupata masizi na moshi hugeuka mweusi. Kubadilisha jeti ya kabureta, kusafisha chujio la hewa lililojaa vumbi, au kuweka sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi kunaleta mabadiliko ambayo motari ataona siku hiyohiyo. Sproketi ya meno 45 mahali pa ile ya 42 huongeza nguvu ya kuvuta kwa asilimia 7, ingawa kasi ya juu nayo inapungua kwa kiasi kinachokaribiana. Janti nyepesi kwenye mlima huohuo inaleta chini ya asilimia moja.

Mafuta ndiyo hoja inayovutia zaidi, kwa kuwa petroli huingia kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi na bei yake huipiga mifuko ya wamotari kabla ya kitu kingine chochote. Kila pikipiki inapoondoka na kufikia kilomita 30 kwa saa, ile tofauti ya kilo 3.2 inaokoa jouli 111. Hata motari akiondoka na kusimama mara 500 kwa siku, jumla ni kilojouli 55. Lita moja ya petroli ina megajouli 32 hivi, na injini ndogo hugeuza takriban moja ya tano yake kuwa mwendo. Ukigawanya, akiba ya siku nzima haizidi mililita 10. Motari anayezima injini kwenye mteremko mmoja mrefu, desturi ya hatari isiyostahili kusifiwa, huokoa zaidi ya hapo. Kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja, kama vile kilomita 54 za Butembo hadi Beni, akiba inayotokana na mzunguko inakaribia sifuri kabisa.

Kwa breki, kanuni ni ileile ikigeuzwa: gurudumu jepesi linahitaji juhudi ndogo kusimamishwa. Faida ni ileile asilimia moja. Breki za ngoma za pikipiki hizi, zikiwa na viatu vya breki vizima na kebo iliyorekebishwa, kwa kawaida zina uwezo wa kufunga gurudumu la nyuma kwenye udongo. Kinachoweka mpaka wa kusimama ni mshiko wa tairi na ardhi.

Hadi hapa magurudumu mepesi hayajatetewa vizuri. Utetezi wake wa kweli uko kwenye springi, na ndio unaozungumzwa kidogo zaidi.

Uzito wa pikipiki umegawanyika sehemu mbili. Sehemu kubwa inakaa juu ya springi: injini, fremu, tangi, watu. Sehemu ndogo iko chini yake na inafuata kila jiwe na kila shimo: tairi, janti, habu, ngoma ya breki, ekseli, sehemu ya chini ya foku, na nyuma sproketi pamoja na sehemu ya mnyororo na ya mkono unaoshika gurudumu. Jiwe la kimo cha sentimita 5 likikutwa kwa kilomita 30 kwa saa hulirusha gurudumu juu katika muda wa sekunde 0.02 hivi. Baada ya hapo ni kazi ya springi kulirudisha chini. Springi haina uwezo usio na mwisho; kadiri gurudumu lilivyo zito ndivyo linavyochelewa kurudi, na kwa muda huo tairi inaelea au inagusa ardhi kwa wepesi. Tairi isiyogusa haivuti, haisimamishi na haielekezi.

Hapa kipimo ni kingine. Kilo inayopunguzwa hailinganishwi tena na kilo 315 za mzigo wote, bali na uzito mdogo ulio chini ya springi. Ikichukuliwa kuwa mbele kuna kilo 12 chini ya springi, kupunguza kilo moja ni zaidi ya asilimia 8. Asilimia 8 ni kitu kinachohisiwa. Mtetemo wa usukani unapungua kwenye kokoto, mikono haichoki mapema, na tairi ya mbele inashika njia kwenye barabara iliyochimbika kama makunyanzi, ya aina inayopatikana kila mahali malori mazito yanapopita kwenye udongo mkavu. Motari anayesafiri mchana kutwa na mzigo mdogo ndiye anayefaidika zaidi. Huyo akisema kwamba pikipiki yake imebadilika baada ya kuweka janti nyepesi, hadanganyi, ila huenda anaipa sifa injini wakati sifa ni ya springi.

Faida hii ina masharti. Springi lazima iwe na nafasi ya kucheza. Pikipiki iliyopakiwa abiria watatu, au magunia mawili na jerikeni za mafuta ya mawese, mara nyingi imekaa chini kabisa kwenye shokapu zake za nyuma. Huko springi imekwisha kubanwa, na gurudumu pamoja na mzigo hurushwa kama kitu kimoja. Wepesi wa gurudumu la nyuma hauna nafasi ya kusaidia. Vilevile foku ambayo oili yake imevuja kupitia sili zilizochakaa haiwezi kutuliza mrudio wa springi, na gurudumu jepesi litadundadunda kama zito. Sili mpya na oili ya foku ya unene unaofaa ni gharama ndogo kuliko janti, na bila hizo janti haina maana.

Faida ya pili yenye uzito inahusu usukani, nayo inategemea kasi. Gurudumu linalozunguka hupinga kubadilishwa uelekeo. Ndiyo sababu pikipiki inayokimbia huwa ngumu kulazwa upande kuliko inayokwenda polepole. Upinzani huo hukua sambamba na kasi: kwenye kilomita 80 kwa saa ni mara nne ya ule wa kilomita 20. Katika msongamano wa soko la Butembo, au kwenye matope ya barabara ya Manguredjipa ambako pikipiki hutembea kwa mwendo wa mtu huku miguu ya motari ikipiga makasia pembeni, nguvu hiyo haipo kwa kiwango cha maana, na usawa unatokana na mikono, kiuno na uzoefu. Kwenye lami mambo hubadilika. Uganda na Kongo zilipatana kutengeneza barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, pamoja na ile ya Beni hadi Butembo, na marais Museveni na Tshisekedi walizindua kazi hiyo huko Mpondwe, mpakani, mwezi Juni 2021. Mahali lami inapofika, pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 35 kwa saa huenda 70 na zaidi, na hapo gurudumu la mbele jepesi huruhusu kona kuchukuliwa na hatari kukwepwa kwa juhudi ndogo.

Lami huleta pia deni ambalo udongo ulikuwa unalificha, nalo ni ulinganifu wa gurudumu. Gramu 50 zilizozidi upande mmoja wa tairi, kwa sababu ya kiraka kikubwa au tairi iliyovaliwa vibaya, huvuta kwa nguvu ya nyutoni 10 kwenye kilomita 30 kwa saa. Kwenye 80 nguvu hiyo inapita nyutoni 70, na inabadilisha upande mara nyingi kwa muda ambao neno moja linatamkwa. Janti iliyopinda huongeza balaa lake. Kwa msafiri wa Kasindi, gurudumu zito lililonyooka ni bora kuliko jepesi linaloyumba, na hakuna mabishano yanayohitajika hapo.

Kwa kuwa tairi ndiyo inayohesabika karibu mara mbili, ndiyo pia inayoharibu hesabu ya wengi. Mwenye pikipiki hununua janti nyepesi, kisha huzivisha tairi pana yenye meno makubwa ya kushika matope na tyubu nene ya kuzuia misumari. Alichopunguza kwenye chuma amekirudisha kwenye mpira, tena mahali pabaya zaidi. Tairi pana pia ni ndefu zaidi. Nusu kipenyo kikipanda kutoka sentimita 29 hadi 30, nguvu ya kuvuta inayofika ardhini inapungua kwa zaidi ya asilimia 3 katika gia ileile, mara tatu ya kile ambacho janti nyepesi iliongeza. Hii haimaanishi kwamba tairi ya meno ni kosa. Kwenye njia za Manguredjipa au za vijiji vya kakao kuzunguka Beni, mshiko una thamani kuliko wepesi, na motari aliyekwama hana haja ya asilimia moja. Ila asiihesabu janti yake kuwa faida.

Matope yenyewe ni uzito. Mvua katika ukanda huu wa ikweta hunyesha karibu mwaka mzima, ikiwa na vipindi viwili vya wingi, na udongo wa mfinyanzi hujibandika kwenye tairi, ukajaa kati ya spoki na chini ya madigadi mpaka gurudumu linasaga. Kilo kadhaa za udongo ukingoni mwa gurudumu hufuta kazi yote ya mtengenezaji. Kunyanyua madigadi ya mbele kwa vidole vichache, jambo ambalo fundi yeyote hulifanya kwa dakika chache, kunazuia hasara kubwa kuliko faida ambayo janti inaweza kuleta katika msimu huo.

Linalobaki ni suala la malighafi, na hapa mazoea yanapotosha. Kwa ujazo mmoja, alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma: gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 7.85. Wengi huhitimisha kwamba janti ya alumini ya kumiminwa, ile ya mikono mitano au sita inayong'aa, lazima iwe nyepesi kuliko ya spoki. Si lazima. Spoki hufanya kazi kwa kuvutwa, na waya mwembamba wa chuma una nguvu kubwa ukivutwa. Spoki 36 na janti ya bati la chuma lililokunjwa hubeba mzigo kwa malighafi kidogo sana. Alumini ya kumiminwa inapaswa kuwa nene ili isipasuke kwa kuchoka, kwa hiyo kwenye pikipiki ndogo gurudumu la namna hiyo mara nyingi hulingana na la spoki au hulizidi uzito. Ubora wake uko kwingine: halidai kukazwa spoki, hubaki limenyooka kwa muda mrefu kwenye lami, na likitengenezwa kwa ajili hiyo linaweza kutumia tairi isiyo na tyubu, ambayo msumari ukiingia hupunguza upepo taratibu badala ya kuishiwa ghafla.

Lililo jepesi kwa hakika, na bado linahimili mashimo, ni gurudumu la spoki lenye janti ya alumini. Hilo ndilo linalotumika kwenye pikipiki za motokrosi na za mashindano ya jangwani kama Dakar, ambako magurudumu hupigwa kuliko barabara yoyote ya Kivu. Kwenye pikipiki ya kazi, habu na spoki za kawaida hubaki. Kinachobadilishwa ni pete ya nje tu, pale ambapo kila gramu inahesabika zaidi. Idadi ya matundu na upana lazima vilingane na vya awali, na spoki zisukwe upya na mtu mwenye subira, akizungusha gurudumu kwenye ekseli na kukaza nipeli robo mzunguko kwa robo mzunguko. Pete hiyo inapaswa kuwa ya alumini iliyosukumwa au kuvutwa kiwandani, yenye ukuta wa kutosha. Janti nyembamba za bei ya chini zinazofanana nazo kwa macho hupinda kwenye shimo la kwanza.

Magnesi, yenye gramu 1.7 kwa sentimita ya ujazo, na nyuzi za kaboni, zenye takriban 1.6, ni za ulimwengu mwingine. Ducati ilitoa mwaka 2017 pikipiki ya 1299 Superleggera ikiwa na magurudumu ya kaboni kutoka kiwandani, na Afrika Kusini ina kampuni ya BlackStone Tek inayotengeneza magurudumu hayo na kuyauza duniani. Kwenye pikipiki yenye nguvu za farasi 200 inayoingia kona kwa kilomita 150 kwa saa, kila faida iliyotajwa hapo juu inakuzwa na kasi. Magnesi huliwa haraka na unyevu rangi yake inapochubuka, na kaboni iliyopigwa jiwe inaweza kupasuka ndani bila kuonyesha alama nje. Seti moja hugharimu kuliko pikipiki nzima ya kazi.

Uwezekano wa kutengenezwa ndio unaotawala uamuzi katika miji hii miwili. Janti ya chuma iliyobonyea hunyooshwa kwa nyundo na gogo kando ya barabara. Spoki moja ikikatika, pikipiki huendelea mpaka gereji, japo zile za jirani zinaanza kubeba mzigo wake na hazipaswi kuachwa hivyo kwa siku nyingi. Gurudumu la alumini la kumiminwa likipata ufa, safari imekwisha. Kulichomelea kunahitaji mashine ya gesi ya ajizi na mtu anayeijua alumini. Hata likichomelewa vizuri, joto huondoa ugumu uliotiwa kiwandani, na mahali palipozibwa hubaki dhaifu kuliko palivyokuwa. Ufa kwenye mkono wa gurudumu la mbele ni sababu ya kulitupa. Wafanyabiashara wa Butembo wana mazoea ya miaka mingi ya kuagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, na vipuri vingine huvuka Kasindi kutoka Uganda, hivyo kupata gurudumu jingine si muujiza. Lakini si kila kilichomiminwa ni kizima ndani. Vitundu vidogo vya hewa vilivyobaki kwenye alumini wakati wa kumiminwa havionekani chini ya rangi, na katika vitundu hivyo ndimo ufa huanzia.

Mizani hukata maneno mengi kabla fedha hazijatoka. Wanunuzi wa kahawa na kakao wa Beni na Butembo wanazo, na gurudumu la zamani na jipya yanaweza kupimwa hapo kwa dakika chache, yakiwa yamekamilika, pamoja na tairi na tyubu zitakazotumika. Kulinganisha janti mbili tupu hakutoshi, kwa kuwa moja inaweza kudai tyubu na nyingine isidai, au moja ikahitaji tairi pana. Tofauti ikiwa chini ya nusu kilo kwa gurudumu, hakuna atakayeihisi, iwe kwenye mwendo au kwenye springi. Ikifika kilo moja mbele, na tofauti hiyo ikiwa imetoka kwenye janti na tairi na si kwenye habu, springi za foku zitaitambua kwenye kokoto. Kwa nyuma kiasi kikubwa zaidi kinahitajika ili kuleta mabadiliko hayohayo, kwa sababu ngoma, sproketi na mnyororo tayari vimeweka huko uzito ambao janti haiwezi kuupunguza. Ndiyo maana mwenye fedha za kubadilisha gurudumu moja tu huanza na la mbele.